Jina Lina Mwenyewe: Orodha za Heshima na Orodha za Mauti



Wapendwa wasomaji wetu, juma hili tumeona vema kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo wengi hulisema pembeni na wachache huthubutu kulisema mbele ya watu. Vyombo vya habari vifanye nini na majina ya watu mashuhuri wenye mvuto kwa watu wa jinsia yao, wale ambao mtaani huitwa mashoga na wasagaji? Je, ni halali watu hao kutajwa, kupongezwa na kuwekwa katika orodha za watu wenye ushawishi? Na je, ni halali kutajwa wakiwa hawataki kutajwa?

Malalamiko tunayoyasikia kwa waamini ni ya upande mmoja tu. Wanalalamika kwamba magazeti ya Ulaya na Marekani yanawatukuza watu hao. Ni kweli kwamba Uingereza gazeti la The Independent on Sunday lilianza mwaka 2000 kutoa orodha ya kila mwaka ya watu wa namna hiyo wenye ushawishi katika siasa, biashara, michezo na sanaa. Orodha hiyo ilijulikana kwa jina la Pink List, na mwaka 2014 ikapewa jina jipya la Rainbow List. Marekani nako jarida la Out lilianza mwaka 2007 kuchapisha orodha ya watu hamsini wenye nguvu. Waamini wetu husikia habari hizo, nao hutikisa vichwa na kusema dunia imekwisha.

Sisi tunalo lalamiko letu, na linawahusu walalamikaji wenyewe. Barani kwetu Afrika magazeti pia yamechapisha orodha. Hizo hazikuwa orodha za heshima. Zilikuwa orodha za kuwindia watu. Zilipotoka, walalamikaji wetu walikuwa wapi? Wengi walinyamaza. Wengine walinunua gazeti.

Tukumbushane yaliyotokea. Sikukuu ya Noeli ya mwaka 2005, katika kanisa kuu la Yaoundé nchini Cameroon, Askofu Mkuu alitoa mahubiri makali ya kukemea ushoga. Mwezi uliofuata, Januari 2006, magazeti ya nchi hiyo yakaanza kuchapisha majina. Gazeti moja, L'Anecdote, lilitoa majina hamsini ya watu waliodaiwa kuwa mashoga, wakiwamo watu mashuhuri katika taifa. Nakala zikagombewa mitaani. Ni mwezi uleule ambao Kanisa humkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Sales, msimamizi wa waandishi wa habari, askofu aliyejulikana kwa upole wa kalamu yake.

Miaka minne baadaye moto ukahamia kwa jirani zetu wa Uganda. Oktoba 2010 gazeti changa la mjini Kampala lililojiita Rolling Stone, ambalo halikuwa na uhusiano wowote na jarida la muziki la Marekani lenye jina hilo, lilitangaza kwamba lina picha mia moja za mashoga wakuu wa Uganda. Ukurasa wa mbele ulibeba maneno ya kuhimiza wanyongwe. Ndani yake kulikuwa na majina na picha za watu, na kwa baadhi yao hata mahali wanapoishi. Tena, Februari 2014, siku moja tu baada ya Rais wa nchi hiyo kutia saini sheria kali dhidi ya ushoga, gazeti jingine la Red Pepper lilitangaza majina mia mbili. Sheria ile ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, kwa kuwa Bunge liliipitisha bila akidi. Majina yaliyochapishwa hayakuweza kubatilishwa na mahakama yoyote.

Hapa kwetu wengi mnakumbuka mwishoni mwa Oktoba 2018, pale Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alipowaita wananchi wamtumie majina ya watu wanaodhaniwa kuwa mashoga, na baadaye akasema amepokea maelfu ya ujumbe. Serikali yenyewe, kupitia Wizara ya Mambo ya Nje, ilitamka mwanzoni mwa Novemba kwamba hayo yalikuwa mawazo yake binafsi na hayakuwa msimamo wa Serikali. Lakini ujumbe ule ulikuwa umekwisha kuandikwa na watu. Ni nani waliouandika? Ni majirani, wapangaji, wafanyakazi wenza, ndugu wa tumbo moja. Tunathubutu kusema kwamba wengine wao waliketi kanisani Jumapili iliyofuata.

Wapendwa, kila mkazi wa miji yetu anajua kinachotokea sokoni mtu mmoja akipiga kelele ya "Mwizi!" Hakuna anayeuliza kilichoibwa wala aliyeibiwa. Kelele moja inatosha kuleta mawe, tairi na petroli. Aliyepiga kelele hujiondokea taratibu, na kesho akiulizwa husema: mimi sikurusha hata jiwe moja. Gazeti linalochapisha orodha ya watu wa kuchukiwa limepiga kelele hiyo katika kila kituo cha basi na kila kibanda cha magazeti.

Twende sasa kwa mtu mmoja, maana orodha ina tabia ya kuficha nyuso. David Kato alikuwa mwalimu na mtetezi wa haki za binadamu nchini Uganda. Picha yake ilikuwa katika ukurasa wa mbele wa gazeti lile la Oktoba 2010. Yeye na wenzake wawili hawakujibu kwa ngumi. Walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 30 Desemba 2010 Jaji Musoke-Kibuuka alitoa hukumu. Alieleza kwamba shauri lililokuwa mbele yake halikuwa juu ya ushoga wenyewe, bali juu ya haki za msingi za binadamu, na kwamba gazeti lilihatarisha utu na faragha ya wadai. Kila mmoja akapewa fidia ya shilingi 1,500,000 za Uganda, na gazeti likakatazwa kuendelea. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 26 Januari 2011, David Kato alipigwa nyundo kichwani nyumbani kwake wilayani Mukono, akafa.

Hatusemi kwamba mhariri ndiye aliyeshika nyundo. Polisi walisema mauaji yale hayakutokana na kazi yake ya utetezi, na Novemba mwaka huohuo mahakama ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha miaka thelathini. Tunaiheshimu mahakama. Tunachosema ni kwamba mtu huyu aliishi miezi yake ya mwisho akijua kuwa picha yake imechapishwa pamoja na wito wa kuuawa, na kwamba yeyote aliyemwona njiani angeweza kujihesabia kuwa ana ruhusa. Hilo pekee linatosha kuwa dhambi inayomlilia Mungu.

Na kulikuwa na la kutisha zaidi. Katika mazishi yake, tarehe 28 Januari, mhubiri aliyesimama na kipaza sauti aliwageukia waombolezaji na kuanza kuwashutumu marafiki wa marehemu kwa ushoga wao. Kukatokea vurugu. Wanakijiji wakakataa kuzika. Marafiki wa marehemu ndio waliolibeba jeneza mpaka kaburini, na Askofu mstaafu Christopher Senyonjo ndiye aliyeomba kando ya kaburi. Hatutaji dhehebu la mhubiri yule, kwa sababu mhubiri wa aina hiyo aweza kutoka katika dhehebu lolote, letu likiwamo, kama mkasa wa Yaoundé unavyotufundisha. Kumzika maiti ni tendo la huruma tunalolifundisha watoto wa Komunyo ya kwanza. Imekuwaje mtu wa Mungu akalisahau akiwa amesimama kando ya jeneza?

Tunajua majibu yanayotolewa, nasi tutayapima moja baada ya jingine.

Jibu la kwanza: "Lakini yaliyoandikwa ni kweli." Hapa wakristo wengi hujikwaa, wakidhani Amri ya Nane inakataza uongo tu. Sivyo Kanisa linavyofundisha. Kanisa linatofautisha masingizio, ambayo ni kumzulia mtu jambo lisilo la kweli, na masengenyo, ambayo ni kufichua jambo la kweli la mtu kwa wasiolijua, pasipo sababu ya haki. Yote mawili ni dhambi. Tena Kanisa linafundisha kwamba aliyemharibia mwenzake jina anadaiwa malipizi, kama vile mwizi anavyodaiwa kurudisha ng'ombe. Inasimuliwa kwamba Mtakatifu Filipo Neri alimwamuru msengenyaji mmoja amnyonyoe kuku huku akitembea mjini, kisha arudi kuyaokota manyoya yote. Mhariri wa orodha atayaokota wapi manyoya yake? Atarudije nyumba kwa nyumba kumrudishia mtu kazi aliyofukuzwa, chumba alichofukuzwa, mama aliyemkana?

Tena, ni nani aliyethibitisha ukweli huo? Orodha hizi haziwi na shahidi wala haziruhusu utetezi. Jina laweza kuingizwa humo kwa sababu ya deni, wivu, ugomvi wa shamba au uhasama wa kisiasa. Mwenye jina akinyamaza, husemwa amekubali. Akikana, husemwa anaona haya.

Jibu la pili: "Umma una haki ya kujua." Tunakubali kwamba umma una haki ya kujua mengi. Kiongozi akila fedha za dawa za zahanati, gazeti na lichapishe jina lake kwa herufi kubwa, nasi tutalisoma kwa shukrani. Mtu yeyote, awe nani, akimdhuru mtoto, aripotiwe polisi siku hiyohiyo na asifichwe na mtu, hata kama amevaa kanzu ya kipadre. Haki ya kujua huanzia pale ambapo kujua kunamlinda mtu. Je, orodha ya mia moja ilimlinda nani? Ilimwondolea nani njaa au ujinga? Kutamani kuchungulia dirishani kwa jirani kuna jina lake katika Kiswahili: ni umbeya. Umbeya ukichapishwa kwenye karatasi na kuuzwa haugeuki kuwa haki ya umma.

Jibu la tatu ndilo tunalolisikia mara nyingi zaidi: "Kuwasifu watu hao kunaharibu vijana." Basi tuchukue mfano wa mtu wa Afrika Mashariki. Binyavanga Wainaina, mwandishi wa Kenya, alipata Tuzo ya Caine ya uandishi wa Kiafrika mwaka 2002, akashiriki kuanzisha jarida la Kwani? lililowafungulia mlango waandishi wengi vijana wa Nairobi. Januari 2014, siku chache baada ya Nigeria kupitisha sheria kali, alichapisha insha ambayo ndani yake alizungumza na mama yake aliyekwisha kufariki, akamwambia yeye ni nani. Hakuna mpiga picha aliyemvizia. Jina lilikuwa lake, naye alilitoa kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka huohuo jarida la Time likamweka miongoni mwa watu mia moja wenye ushawishi duniani. Alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019.

Sasa tuwapime vijana wawili. Wa kwanza amesoma katika gazeti kwamba Binyavanga aliandika vitabu, alianzisha jarida, alishinda tuzo, na kwamba alisema wazi juu ya nafsi yake. Wa pili amesoma katika gazeti kwamba majirani zake mia moja wanastahili kamba, na anwani zao ni hizi. Tuulizane kwa haki, mbele ya Mungu: ni yupi kati ya hao wawili aliyeharibiwa? Wa kwanza anaweza kukubaliana na mwandishi yule au kutokubaliana naye, na bado akabaki mtu. Wa pili amefundishwa kuua.

Wasomaji wengine watauliza kama kwa maneno haya tumeyaacha mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa na usafi wa moyo. La hasha. Mafundisho hayo yanajulikana, nasi hatuyaongezi wala hatuyapunguzi. Ila tunakataa kuyasoma nusu. Kanisa hilohilo linaagiza kwamba watu hawa wapokelewe kwa heshima, huruma na busara, na kwamba kila namna ya ubaguzi usio wa haki dhidi yao iepukwe. Mwaka 1986 Idara ya Mafundisho ya Imani ilishutumu ukatili wa maneno na wa vitendo dhidi yao. Desemba 2009 ujumbe wa Vatikani katika Umoja wa Mataifa ulitamka kupinga sheria za jinai zinazovunja utu wao. Na Januari 2023 Papa Fransisko alisema waziwazi kwamba kuwa na hali hiyo si kosa la jinai, akawataka maaskofu wanaounga mkono sheria za namna hiyo waongoke. Anayesoma kurasa za makatazo na kurukia kurasa za heshima asijiite mtetezi wa Kanisa.

Tunalo neno pia kwa watengenezaji wa orodha za heshima, maana haki haina upendeleo. Kwanza, jina lina mwenyewe. Mtu ambaye hajajitaja asitajwe, hata kwa sifa; sifa isiyoombwa yaweza kuwa kitanzi. Pili, mtu asifiwe kwa kazi aliyoifanya. Mwandishi ni mwandishi, daktari ni daktari, na kumgeuza mtu kuwa nembo ya jambo moja tu la maisha yake ni kumpunguza, hata kama nembo yenyewe imepakwa dhahabu. Tatu, wakumbuke kwamba dunia imekuwa kijiji. Orodha inayotungwa London kwa nia njema husomwa usiku huohuo Kampala na Dar es Salaam kwenye simu ya mkononi, na msomaji wa huku aweza kuigeuza kuwa orodha ya kuwindia. Anayeheshimiwa kule huku ana mama, ana mwenye nyumba, ana mtendaji wa mtaa. Kabla ya kuchapa, na aulizwe yeye.

Kwa kipimo hicho tunaona tofauti iliyo wazi. Kasha Nabagesera, mmoja wa wale watatu waliokwenda mahakamani pamoja na David Kato, alipewa Tuzo ya Martin Ennals ya watetezi wa haki za binadamu mwaka 2011. Alikuwa amekwisha kusimama hadharani kwa jina lake na uso wake, na alitunzwa kwa ujasiri wake wa kutetea wengine. Gazeti lililoandika habari za tuzo ile lilifanya kazi yake. Gazeti lililoandika anwani za wenzake lilifanya kazi ya Kaini.

Kumbukeni yule mwanamke aliyefumaniwa, ambaye habari zake tunazisoma katika Injili ya Yohane. Washitaki wake walimleta na kumsimamisha katikati ya watu. Huo ulikuwa ukurasa wa mbele wa siku zile. Bwana wetu aliinama, akaandika chini kwa kidole, na Maandiko hayatuambii aliandika nini. Jina la mwanamke yule hatulijui hata leo. Mwinjili alikuwa na nafasi ya kutosha kuliandika, wala wasomaji wa kulisoma kwa miaka elfu mbili wasingekosekana. Hakuliandika. Huo ndio uandishi wa habari wa Kikristo.

Basi tufanye nini juma hili? Orodha ya namna ile ikitokea tena, iwe gazetini au kwenye simu, tusiinunue, tusiisome, tusiisambaze. Ujumbe ufie mkononi mwetu. Mtu akituletea jina la jirani, tumwulize: wewe umetumwa na nani? Wazazi ambao wamesikia jambo kutoka kinywani mwa mtoto wao wenyewe, wasilipeleke kwa shangazi wala kwa jumuiya. Walibaki nalo kama siri ya kitubio, na mlango wa nyumba ubaki wazi kwa mtoto huyo. Na sisi tunaopanda mimbarini, tuyapime maneno yetu tukijua kwamba kuna mhariri asikilizaye na umati unaosubiri.

Mungu ametuita kila mmoja kwa jina lake katika ubatizo. Jina hilo hakulikabidhi kwa mhariri, wala kwa mkuu wa mkoa, wala kwa padre. Siku ya mwisho atatuuliza tulilifanyia nini jina la jirani yetu, na hapo hatutaweza kujibu kwamba tulilisoma tu gazetini.